Kuchagua kontrola ya miguu ya MIDI kwa anayepiga laivu na laptopu: mwongozo kamili kwa wanamuziki wa Dar

Kama unapiga gitaa au kibodi na laptopu ndo bendi yako, unaijua ile sekunde moja: kiitikio kinaisha, mkono wa kushoto umeshika kodi ya gitaa, wa kulia uko kwenye nyuzi, na lazima mtu abonyeze kitu kwenye laptopu ili ngoma iingie kipande kinachofuata, na huyo mtu hayupo. Mi niliishi na hiyo sekunde karibu miaka miwili, napiga kwenye sendofu na kwenye hoteli za huku pwani, naachia nyuzi nakimbilia tachipedi, gitaa linakata, MC ananiangalia. Nikanunua kontrola ya miguu, yaani kidude cha swichi za kukanyaga kinachoipa laptopu amri. Ya kwanza haikunifaa, ya pili hivyo hivyo, ya tatu ndo ninayo mpaka leo, na hela iliyopotea kwenye zile mbili ilipotea kwa sababu nilianzia dukani wakati nilitakiwa nianzie miguuni. Ndo maana huu mwongozo nimeupanga hivi: kwanza unahesabu kazi za mguu, alafu unaangalia swichi inafanyaje kazi, alafu waya na umeme, na majina ya makampuni yanakuja baadae kabisa.

Hatua ya 1: hesabu kazi za mguu kabla hujauliza bei

Fungua laptopu nyumbani, piga shoo yako nzima kama ulivyo jukwaani, na kila ukigusa laptopu weka alama kwenye karatasi na uandike ulikua unafanya nini. Usiruke hata nyimbo moja. Ukimaliza, gawa hizo alama mafungu mawili: zile ambazo mikono ilikua na kazi muda huo huo, na zile ambazo zingeweza kusubiri nyimbo iishe. Fungu la kwanza tu ndo kazi ya mguu. Kufungua projekti nyingine, kubadilisha saundi ya kibodi kati ya nyimbo na nyimbo, kupandisha sauti ya maiki, hizo mkono unazimudu wakati watu wanapiga makofi.

Mi nilianza na orodha ya kazi 14, nikadhani nahitaji dude la swichi kumi na zaidi. Baada ya kupitia hii hesabu zikabaki tano: kurekodi lupu (kipande kinachojirudia chenyewe), kufuta lupu ya mwisho niliyoongeza, kwenda safu inayofuata ya klipu (vipande vya ngoma vilivyopangwa kwenye programu), kuwasha na kuzima eko ya sauti, na kusimamisha kila kitu. Tano na pedali moja ya kukanyaga taratibu kwa ajili ya filta. Basi. Mshkaji wangu anayepiga kibodi kanisani yeye zilibaki mbili tu, kwa sababu mguu wake wa kulia muda wote uko kwenye sasteni (pedali ya kurefusha noti) na wa kushoto hauwezi kuhangaika na swichi kumi. Anayeimba peke yake na maiki bila chombo chochote anaweza kuhitaji nane au tisa kwa sababu miguu yote iko huru na analupu sauti tabaka kwa tabaka.

Namba utakayopata ongeza moja au mbili za akiba, usiongeze sita. Swichi nyingi zinaleta kukanyaga isiyo yenyewe, na kwenye giza la ukumbi utaona tofauti ya kuwa na tano unazozijua na kuwa na kumi na mbili unazozikumbuka nusu.

Hatua ya 2: jua swichi inatuma nini

MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki na kompyuta vinaongeana, ipo tangu 1983, na msingi wake mpaka leo ni ule ule, ni ujumbe mfupi mfupi wa namba, haubebi sauti hata kidogo. Ukikanyaga swichi, kontrola inaweza kutuma moja ya vitu vitatu: noti kama ya kibodi, CC ambayo ni namba ya kazi pamoja na thamani ya kuanzia 0 mpaka 127, au program change ambayo kazi yake ya asili ni kumwambia sintesaiza abadilishe saundi. Kuna chaneli 16, kwa hiyo hata ukiwa na vyombo kadhaa havigombani ukivipanga.

Kwa nini hili lina umuhimu kabla ya kununua? Kwa sababu kontrola nyingi za miguu zilitengenezwa kwa ajili ya wapiga gitaa wenye mashine za efekti, na zikitoka kiwandani zinatuma program change. Ableton Live, programu ya muziki ambayo wengi tunapigia laivu, ukiingia kwenye ramani yake ya MIDI (pale unapopangia swichi kazi) inasikiliza noti na CC. Utakanyaga, utaona taa inawaka kwenye kontrola, na kwenye Live hakuna kinachotokea, utafikiri umeuziwa kimeo. Sio kimeo, inabidi tu uiprogramu itume CC. MainStage ya Apple yenyewe inapokea program change vizuri kubadilisha saundi, ila inaishi kwenye Mac tu. Kwa hiyo swali la kuuliza muuzaji, au la kutafuta kwenye manyueli, ni hili: naweza kuchagua kila swichi itume nini, au imefungwa? Ikiwa imefungwa iache hata kama ni bei ya kutupa.

Na uulize inaprogramiwaje. Zipo ambazo unafungua programu kwenye laptopu unajaza unaseva, dakika kumi umemaliza. Zipo ambazo unaziprogramu kwa kukanyaga swichi zenyewe huku unasoma manyueli, na hapo ujiandae kupoteza mchana mzima.

Hatua ya 3: swichi ya kurudi na swichi ya kukaa

Hapa ndo watu wengi wanaumia kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swichi ya kurudi inatuma ujumbe mmoja ukikanyaga, tuseme 127, na mwingine ukiachia, 0. Swichi ya kukaa inatuma 127 ukikanyaga mara ya kwanza, na 0 ukikanyaga mara ya pili, ukiinua mguu haisemi kitu. Kwenye menyu nyingi utakuta zimeandikwa Momentary na Toggle. Kwa macho zinafanana, kwa kazi ni mbingu na ardhi.

Chukua mfano wa Looper, kifaa cha kurekodi lupu kilichoko ndani ya Live. Ina kitufe kimoja kikubwa kinachofanya kila kitu: ukikanyaga mara moja inaanza kurekodi, ukikanyaga tena lupu inajizungusha, tena unaongeza tabaka juu yake, ukikanyaga haraka mara mbili inasimama, ukishikilia sekunde mbili wakati inacheza inarudisha nyuma ulichoongeza mwisho. Angalia hapo, "ukishikilia" na "haraka mara mbili". Ili programu ijue umeshikilia ni lazima ijue mguu umeinuka saa ngapi, na hiyo taarifa swichi ya kukaa haitumi. Ukiwa na swichi ya kukaa nusu ya uwezo wa Looper huipati, na mbaya zaidi utajikuta kila amri inahitaji kukanyaga mara mbili, unarekodi ukiwa umechelewa unadhani mkono wako ndo mbovu. Kontrola yangu ya kwanza ilikua hivyo na haikua na sehemu ya kubadilisha. Wiki tatu nilijilaumu kwamba sina taimingi.

Sasa kwa kuwasha na kuzima eko, programu nyingi zenyewe zinajua kugeuza: kila zikipata 127 zinabadilisha hali. Kwa hiyo hata hapo ya kurudi inafanya kazi. Kanuni yangu ni kwamba nunua kontrola ambayo kila swichi inaweza kuwa ya kurudi, na kama ina chaguo la kukaa kwa kila swichi peke yake ni nyongeza nzuri. Kinyume chake usikubali.

Kitu kingine cha karibu na hicho ni taa. Taa inayowaka kwa sababu umekanyaga na taa inayowaka kwa sababu laptopu imesema eko iko on ni taa mbili tofauti. Ya pili inahitaji mawasiliano ya pande mbili, laptopu irudishe ujumbe kwenye kontrola. Kwenye mipangilio ya MIDI ya Live unawasha Remote upande wa Output, sio Input peke yake. Ukitegemea taa zako kujua uko wapi kwenye giza, hakikisha kontrola inapokea na sio kutuma tu.

Hatua ya 4: kasi ya muziki wako

Mguu ni mzito kuliko kidole, hata wa mpiga drams. Kwa hiyo amri nyingi za mguu zinategemea laptopu isubiri mpaka mwanzo wa mzunguko wa biti nne ndo itekeleze, na hiyo unaipanga kwenye programu. Piga hesabu ya muziki wako. Bongo fleva ya tempo 100, mzunguko wa biti nne ni sekunde 2.4, una nafasi kubwa ya kukanyaga mapema ukatulia. Singeli ikiwa 240 mzunguko ule ule ni sekunde moja kamili na biti moja ni robo sekunde. Ukikanyaga umechelewa kidogo, amri inahamia mzunguko unaofuata na mwimbaji ameshaingia. Ukipiga mambo ya kasi hivyo weka laptopu isubiri mizunguko miwili au minne, ukanyage mapema kwa utulivu, na chagua swichi laini isiyohitaji nguvu. Zile swichi ngumu za chuma zinazolia "tak" ni imara sana ila zinataka kisigino kikae chini na vidole visukume, ukikimbiza singeli mguu unachoka.

Ucheleweshaji wa sauti wenyewe ni habari ya intafesi yako (kile kifaa kinachopitisha sauti kuingia na kutoka kwenye laptopu), sio ya kontrola. Bafa ni kiasi cha sauti ambacho laptopu inakikusanya kabla ya kukitoa: ya sampuli 128 kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 2.7, ya 512 kwenye 44,100 ni kama 11.6. Ukisikia lupu inachelewa angalia hapo kwanza kabla ya kulaumu mguu au swichi.

Hatua ya 5: waya au hewani

Chaguo ni tatu. USB moja kwa moja kwenye laptopu, ile plagi ya zamani ya pini tano, au Bluetooth.

USB ndo nayowashauri wengi. Tafuta inayofanya kazi bila draiva, ukichomeka tu laptopu inaijua. Waya wa kawaida wa USB usizidi mita tano, na kwenye majukwaa yetu ambayo laptopu iko kwenye meza na we uko mbele karibu na watu, mita tano zinaisha haraka, pima. Plagi ya pini tano inaenda mpaka mita 15 bila shida na ni ngumu kuharibika, ila laptopu haina tundu lake, kwa hiyo inapita kwenye intafesi yako ya sauti kama ina tundu la MIDI, au kwenye kale kawaya kanakogeuza MIDI kuwa USB. Hivyo vya bei chee vingine vinapoteza ujumbe, hasa ukituma vitu vingi kwa mpigo au ukitaka kuhamisha mpangilio wote wa kontrola, kwa hiyo kama intafesi yako ina MIDI IN tumia hiyo.

Bluetooth ni tamu kwa mazoezi na kwa shoo ndogo. Kwenye Mac na iPad inaunganika vizuri. Kwenye Windows mara nyingi inahitaji programu za kati kama MIDIberry na loopMIDI ndo Live iione, na kila kiungo unachoongeza ni kitu kingine cha kukatika. Kontrola yangu ya pili ilikua ya Bluetooth tupu. Sebuleni kwangu Tabata haikuwahi kukosea. Siku ya harusi, ukumbi umejaa, kila mtu na simu mkononi anarekodi maharusi wanaingia, mawasiliano yakakatika na lupu ikabaki inajizungusha ile ile karibu dakika mbili mpaka nikaacha gitaa nikaenda kwenye laptopu. Bibi harusi alikua katikati ya ukumbi. Toka siku hiyo kwenye shoo ya kulipwa mi ni waya, na kama kontrola ina Bluetooth basi iwe na USB pia.

Hatua ya 6: umeme

Kwetu hili sio jambo dogo. Kontrola zipo za aina tatu kwa chakula: zinazokula umeme wa USB kutoka kwenye laptopu, zinazotaka adapta ya volti 9, na zinazochomekwa moja kwa moja ukutani. Zingine zina betri ya kuchaji.

Fikiria umeme umekatika katikati ya nyimbo, jenereta linawashwa baada ya dakika moja. Laptopu yako iko hai kwa betri, projekti iko pale pale, safu uliyokua unacheza iko pale pale. Kontrola inayokula USB nayo haijazima, benki (seti ya kazi za swichi) uliyokua umechagua ipo. Ile ya ukutani imezima, imewaka upya, na nyingi zinarudi benki ya kwanza, kwa hiyo spika zikirudi ukakanyaga swichi ya tatu ukidhani ni eko inatuma kitu kingine kabisa. Kwa sababu hiyo peke yake mi ninapendelea ya USB hata kama ina swichi pungufu.

Kama ni ya adapta, soma nyuma inataka milliampea ngapi na ncha ya katikati ni chanya au hasi, usichomeke adapta yoyote uliyookota kwa sababu tu inaingia. Kama ni ya ukutani na imetoka Marekani angalia kama imeandikwa 120V, huku kwetu ni 230V na itaungua siku ya kwanza. Na ukiwa na vitu vingi vya USB nunua habu yenye umeme wake, ila intafesi ya sauti na kontrola ziache zichomekwe kwenye laptopu moja kwa moja, vingine ndo vikae kwenye habu, maana habu nayo umeme wake ukikatika inazima.

Hatua ya 7: kiatu, nafasi, na uzito

Pima upana wa kiatu unachopigia. Serious kabisa, chukua rula. Kwenye harusi unavaa kiatu cha ngozi kipana, ufukweni Coco au Kigamboni unavaa kubazi au uko peku. Kama katikati ya swichi moja na nyingine ni padogo kuliko kiatu chako, utakanyaga mbili kwa mpigo. Vikontrola vidogo vizuri vya kubeba ndo vina hii shida zaidi. Ukikipenda hata hivyo, kitumie kwa kuacha swichi moja katikati bila kazi.

Uzito nao una pande mbili. Kizito hakitelezi jukwaani, ila kama unaenda shoo kwa bodaboda au mwendokasi na gitaa mgongoni, kilo tatu za ziada utazisikia. Chepesi kinahitaji kibandikwe: kipande cha zulia lenye mpira chini, au zile gundi za kushikana za mkoba (velcro), upande mmoja kwenye kontrola mwingine kwenye ubao mdogo unaoukanyaga pembeni.

Pedali ya ekspresheni

Kama kazi zako zina kitu cha kupanda na kushuka taratibu, filta, sauti, kiasi cha riverbu, utahitaji pedali. Inatuma 0 mpaka 127 tu, hatua 128, inatosha kabisa kwa sauti na filta. Baadhi ya kontrola zinayo humo humo, zingine zina tundu la kuchomeka ya nje. Za nje zinatofautiana uungaji wa waya, ya Yamaha na ya Roland hazifanani, kwa hiyo usinunue pedali bila kujua kontrola yako inataka aina gani au kama ina chaguo la kubadilisha.

Shida inayoshtua watu ni sauti kuruka. Pedali iko chini, kwenye laptopu sauti iko juu, ukiigusa tu sauti inadondoka ghafla. Kwenye mipangilio ya Live kuna Takeover Mode, weka Pick-Up, hapo pedali haishiki mpaka ipite pale thamani ilipo.

Majina sasa

Behringer FCB1010 ni mzee wa kazi: swichi kumi, pedali mbili, benki kumi za priseti (mipangilio iliyoseviwa) kumi kumi. Ni imara na ukipata iliyotumika utapewa kwa bei nafuu. Lakini haina USB, ina pini tano tu, inataka umeme wa ukutani, na kuiprogramu kwa miguu ni mateso, wenye nayo wengi wanabadilisha chipu ya ndani wanaweka ya UnO, programu mbadala ya kuiendesha. Kama una uvumilivu na gari, inafaa.

Keith McMillen SoftStep 2 ni bapa na nyepesi, ina pedi kumi zinazohisi unavyokandamiza, inakula USB. Kwa anayepanda bodaboda ni nzuri mno, ila haina ile "tak" ya kukuambia umekanyaga, inataka mazoezi. Nektar Pacer ina swichi kumi na matundu ya pedali za nje, inakula USB, kwa mtu wa laptopu naiona imekaa sawa sana. Morningstar ya Singapore wana MC6 yenye swichi sita na MC8 yenye nane, ina skrini inayoandika jina la kila swichi, unaprogramu kwenye laptopu na kila swichi unaweza kuipa kazi za kukanyaga, kushikilia na kukanyaga mara mbili. Hela inauma lakini ukinunua hiyo hutarudi dukani. M-Vave Chocolate ni ya swichi nne, ndogo, bei ya chini, ina betri ya kuchaji na Bluetooth na USB pia. Kwa kuanzia ni sawa kabisa, kumbuka tu habari ya kiatu.

Na kuna njia ya kuanza bila kununua kontrola. Kama kibodi yako ya MIDI ina tundu la sasteni, chomeka pedali ya sasteni, inatuma CC 64, iweke kwenye kazi yako moja muhimu kuliko zote. Usiikanyage wakati unawasha kibodi, nyingi zinasoma hali ya pedali pale pale zinapowaka na ukiikanyaga itafanya kazi kinyume. Njia nyingine ni pedali za USB zinazojifanya herufi za kibodi ya kompyuta, kwenye Live unaweza kupangia herufi kazi kama unavyopangia MIDI.

Ukiwa na fundi mzuri unaweza kutengenezewa. Mwambie atumie Arduino Leonardo au Pro Micro (vibao vidogo vya elektroniki vinavyoprogramiwa), zile zenye chipu ya ATmega32U4, kwa sababu laptopu inaweza kuziona kama kifaa cha MIDI moja kwa moja, Arduino Uno ya kawaida haiko hivyo. Swichi za kurudi, boksi la chuma, waya. Uzuri wake nafasi kati ya swichi unapanga mwenyewe kwa kiatu chako. Ukiagiza nje badala yake, kwenye bei ya mtandaoni weka usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 ndo ulinganishe na ya hapa mjini.

Kuijaribu kabla ya kutoa hela

Nenda na laptopu yako. Weka MIDI-OX kama ni Windows au MIDI Monitor kama ni Mac, zote za bure, zinaonyesha kila ujumbe unaoingia. Funga programu nyingine za muziki kwanza, Windows nyingi, hasa za zamani, zinaruhusu programu moja tu kushika kontrola kwa wakati mmoja, na hapo hata ile programu ya kuprogramu kontrola ukiiacha wazi Live haitaiona kontrola.

Kanyaga kila swichi mara ishirini. Kila kukanyaga kuwe ujumbe mmoja na kuachia ujumbe mmoja. Ukiona miwili miwili swichi imechoka. Kanyaga pembeni ya swichi, sio katikati tu, maana jukwaani ndo utakavyokanyaga. Pedali ipeleke chini kabisa na juu kabisa, ifike 0 na ifike 127, alafu iache imetulia katikati uiangalie dakika moja: namba zikiendelea kutiririka zenyewe, sauti yako itatetemeka shoo nzima, usinunue. Mwisho tikisa waya kwenye tundu lake. Kama inakata na kurudi, tundu limelegea, na hilo ndo linalokufa kwanza kwenye kontrola zilizotumika.

Kupanga kazi na kufanya mazoezi

Kwenye Live bonyeza Ctrl+M (kwenye Mac ni Cmd+M), gusa kitu unachotaka kwenye skrini, kanyaga swichi, toka. Weka kazi ya kurekodi mahali ambapo mguu unafika bila kufikiria, kwangu ni ya kushoto ya mwisho kwa sababu pembeni ni rahisi kupapasa. Kusimamisha kila kitu kuwe mbali nayo kabisa, upande wa pili, na swichi ya jirani yake isiwe na kazi ya hatari. Panga hivyo hivyo kwa nyimbo zote. Ukibadilisha maana ya swichi kila nyimbo, mguu haujifunzi.

Alafu zima taa, vaa kiatu cha shoo, piga nyimbo nzima bila kuangalia chini. Siku tatu za kwanza utakosea sana, wiki ya pili utashangaa. Seva mpangilio wa kontrola kwenye laptopu na kwenye flashi.

Siku yenyewe: waya ufungwe na tepu kwenye kontrola kabla haujaenda kwenye laptopu, ili mtu akiukwaa usivute tundu. Kwenye Windows zima ile ya kulaza USB (USB selective suspend) kwenye mipangilio ya umeme. Washa habu, intafesi, kontrola, alafu ndo ufungue projekti, ukifungua kabla, kuna programu ambazo haziioni kontrola mpaka uzifunge na kuzifungua tena. Kanyaga kila swichi mara moja wakati wa saundi cheki. Kwenye begi weka waya wa pili wa USB na pedali ya sasteni ya akiba, na herufi za laptopu zipangie kazi zile zile tano. Ukipigia ufukweni, ukirudi nyumbani ifute kwa kitambaa kikavu usiku huo huo, uipulize mchanga kwenye swichi, uifunge kwenye mfuko kabla chumvi haijakaa.